Kikokotoo cha Shifaa na Asumini za Razan

Mjini Amu, mtaa wa Langoni, Shifaa ndiye aliyekuwa na kompyuta ya kupakata, nzito kuliko sufuria ya pilau ya harusi. Iliachwa na mgeni wa hoteli moja ya Shela, herufi zimefutika, na ikiwashwa ilihema kama punda apandaye ngazi. Asubuhi Shifaa alishona kofia. Alasiri aliketi mbele ya kompyuta akiota hesabu, maana shuleni ndizo alizozipenda, na ndizo alizoziacha siku alipoachiwa Razan, mtoto wa marehemu dadake, amlee awe ndiye mama yake.

Sasa Razan anaolewa Pate. Tangu binti ni mdogo, Shifaa alimwahidi kuwa asumini za kichwani siku hiyo atazipanga yeye, kwa mkono wake, kutoka mti wa uani kwao. Watu wa Pate nao walishatuma neno, kwa upole wao: wa Amu wasipofika kabla ya adhuhuri, bibi harusi atapambwa na waliopo.

Ndia ya boti kwenda Pate hupita Mkanda, mfereji mwembamba katikati ya mikoko, na maji yakitoka, Mkanda huwa tope tupu. Amu nzima hukisia maji kwa kutazama mwezi. Shifaa hakutaka kukisia. Mwalimu Roselyn, mpangaji wa chumba cha juu, mtu wa bara, alimweleza kuwa maji hupanda na kushuka kama wimbi la kosaini. Ukijua yanajaa saa ngapi, utapata kina chake saa yoyote uitakayo. Kilichokosekana ni kikokotoo cha kisayansi cha kutia ndani ya kompyuta, cha bure, kisichomhangaisha mtu.

Akakitafuta. Cha kwanza kilijiita cha bure, kikataka nambari ya kadi ya benki kabla hajajumlisha moja na moja. Cha pili kilikuwa na vitufe vidogo kama chawa wa kuku. Cha tatu, kila akibonyeza kosaini kilimletea tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, hata akaanza kulitazama lake. Mwalimu akamshauri asake kile ambacho ukishakipakua hakikuombi tena mtandao wala jina lako. Akakipata siku ya mvua: vitufe vipana kama vitumbua, hesabu ikijiandika juu kama inavyoandikwa ubaoni, na ukikosea unarudi ukarekebisha palepale. Husemwa kuwa tangu siku ile mti wa asumini uani ulichanua kwa mawimbi, tawi hili likipanda, lile likishuka.

Mwalimu alimpa jedwali la maji. Kwa siku ya harusi liliandika kujaa 3:30. Sasa, saa ya ukutani kwa kina Shifaa, kama ya msikitini, mishale yake huwekwa kwa saa zetu: saa tatu ya asubuhi, mshale u kwenye tatu. Shifaa akasoma saa tatu u nusu, akaiingiza. Kikokotoo kikamjibu kuwa asubuhi ile Mkanda utakuwa na maji pima mbili, ya kumpita mtu kimo.

Shemeji yake, Amini, mwenye boti ya injini, aliposikia hayo asubuhi ya harusi akamtazama sana.

"Shemegi, saa tatu Mkanda tutaupita kwa miguu."

"Kikokotoo kinasema pima mbili."

"Kimewahi kuoga Mkanda hicho?"

"Boti ya leo nimeikodi mimi, Amini."

Amini akapakia jiko, makaa na birika. Gatini maji yalikuwa yameziacha ngazi, ukijani wazi hadi chini kabisa; Shifaa aliziona, akajiambia ndiyo kwanza maji yanaanza kuja.

Katikati ya Mkanda boti ikakaa juu ya tope taratibu, kama kuku aatamiaye. Amini akatia chai. Joto likapanda, na asumini alizozifunga Shifaa ndani ya kitambaa kibichi zikaanza kufunguka moja moja. Harufu yake ilikuwa nzito hata kaa wakatoka mashimoni, wakakaa safu wameinua magando kama waombao dua, na mikoko ikasinzia kwa kusimama. Shifaa alisinzia nayo, moyo unamuuma. Kisha akaitoa kompyuta kikapuni, na pembeni ya kioo akaiona saa: 9:40. Akalitazama jua. Lilikuwa la saa tatu.

"Amini," akasema polepole, "jedwali lilikuwa la saa za Kizungu."

"Mimi nalijua maji. Jedwali silijui."

Shifaa akarudi kwenye hesabu yake, akaongeza zile saa sita, kujaa kukawa saa tisa u nusu alasiri, akabonyeza. Shibiri moja. Amini akachovya upondo, mti wa kusukumia boti: shibiri moja. Shifaa akabonyeza tena, akasema boti itainuka adhana ya adhuhuri ikiisha. Adhana ikalia kwenye simu ya Amini, ikaisha, na boti ikajitikisa, ikaelea. Amini akamjazia chai iliyobaki.

Pate, Razan alikuwa ameshakalishwa kitini na maua ya wenyeji yameletwa. Upepo ukaingia dirishani na harufu ya asumini za uani kwao. Akajifunika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama yu ndiani," akasema, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Shifaa aliingia na tope la kushukia botini hadi magotini. Asumini zilikuwa wazi zote, akazipanga hivyo hivyo. Nje, Amini akatuma kuuliza maji ya kurudi yatajaa saa ngapi. Shifaa akajibu angoje. Mkononi mwake lilikuwa limebaki ua moja la kupanga.