Mkono wa Kulia wa Mwalimu

Wiki iliyopita binti yangu alinitupia karatasi mapajani akaniomba nimsikilize. Ana mtihani wa muziki, na shule imewapa orodha ya maneno ya muziki wa kale wa Ulaya, ule wa enzi ya baroko: fuga, kantata, sarabanda, da kapo, besi endelevu. Mimi humwuliza kwa Kiswahili, yeye hunijibu kwa Kiingereza, ndivyo tunavyoishi. Alipofika kwenye besi endelevu akakwama. Nikamweleza bila kutazama karatasi: mkono wa kushoto umeandikiwa noti zake za chini, na chini ya noti hizo zimepangwa tarakimu ndogo, sita, nne, saba. Mkono wa kulia haukuandikiwa kitu. Unazisoma tarakimu na kujaza wenyewe.

"Mum, how do you even know that?" akaniuliza.

Nikamwambia nilisoma mahali. Kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wewe nitakwambia, maana nimechoka kulibeba peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Mimi na mama tulipanga chumba Kilburn, London, juu ya duka la simu. Mama alikuwa kerea, yaani mtunza wazee majumbani mwao. Ndugu zetu wa Tanga walidhani ni nesi, naye hakuwasahihisha. Kibali chetu cha kuishi nchini kilifungwa kwenye kazi ile: kazi ikiisha, kibali kinaisha, tunarudishwa. Watoto wenzangu walikariri jedwali la kuzidisha, mimi nilikariri hilo. Na kampuni ya mama ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala, usimpeleke mtoto kazini. Lakini shule ilitutoa saa tisa na nusu na zamu ya jioni ilianza saa kumi na moja. Angeniacha na nani? Tukawa tunapanda treni Kilburn, tunabadilisha Wembley Park, tunashuka Harrow, mama akinikumbusha njia nzima kwamba mimi sipo.

Mzee aliyemtunza tulimwita Mwalimu. Alikuwa Mgoa mzaliwa wa Zanzibar, aliyefundisha muziki katika shule za huku mpaka akastaafu. Mkewe alikuwa ameshafariki na watoto hawakujaaliwa. Kiharusi kilikuwa kimemwua mkono wa kulia, na mguu nao ulimtii siku ulizotaka wenyewe. Siku ya kwanza mama alijikwaa kwenye zulia lake, ikamtoka "Mungu wangu." Mzee akacheka hadi akapaliwa. Akamlaumu mama kwa kumhangaisha na Kiingereza saa nzima, na kumbe ni mtu wa kwao.

Nyumba ile ilinukia nta ya samani na kitunguu thomu. Mama alitakiwa ampashie chakula cha boksi. Badala yake alimpikia samaki wa tui la kopo na wali, na cha boksi nilikula mimi, sikuwa na maringo. Kazi zangu zilikuwa kumenya vitunguu, kukunja mataulo na kupangusa kinanda. Kilikuwa kinanda cha mbao, chembamba, cha aina ya zamani, hapsikodi. Ukibonyeza, ndani kidude kama ukucha kinadonoa waya. Mwalimu alisema alikipenda kwa sababu kilimkumbusha kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, aliyokuwa akiisikia dirishani utotoni. Siku moja nikipangusa nilibonyeza kwa makusudi. Hakunikemea. Alisogea kwenye benchi akaniambia nikae upande wake wa kulia.

Basi hivyo ndivyo nilivyosoma yale yaliyomo kwenye karatasi ya binti yangu. Fuga, alisema, ni shangazi zake wakisimulia msiba: mmoja anaanza, wa pili anayadaka maneno yale yale, wa tatu anaingilia kati, na hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Da kapo ni kurudi mwanzo, ila usirudi kama kasuku, weka mapambo yako. Sarabanda ni dansi ya taratibu inayokaza pigo la pili, akamtembeza nayo mama jikoni, sufuria mkononi, na mama, mtu wa kwaya asiyecheza, akatembea. Tulicheka sana katika nyumba ile. Watu hawaamini ninaposema miaka yangu mizuri ya London ilikuwa nyumbani kwa mgonjwa.

Zaidi ya yote tulipiga besi endelevu. Yeye alipiga za chini kwa mkono wa kushoto, mimi nikasoma tarakimu na kujaza juu. "Sasa n'na mkono," alisema siku nilipopiga ukurasa mzima bila kukosea. Kosa moja tu hakulivumilia. Kuna mahali ambapo sauti moja inang'ang'ania wakati wenzake wamekwisha kuhama. Inaandikwa nne, ikifuatiwa na tatu. Ile nne inakera sikio, kisha inashuka hatua moja na kila kitu kinatulia.

"Skiza," aliniambia, "hapo usinyanyuke hata nyumba ikiungua. Umeiumiza sauti, lazima uiponye mwenyewe."

Mara moja nilikimbilia chooni nikiwa nimeiacha nne yangu hewani. Aliniita nirudi niishushe kwanza, nimebana miguu.

Tulikuwa na mpango wetu. Kengele ikilia, mimi nanyanyuka, napita jikoni, natoka uani na mkoba wangu na koti, nasimama kando ya mapipa ya taka mpaka mama aniite. Tuliufanyia mazoezi. Mara mbili alikuja mtu wa dawa na mambo yakaenda salama.

Mara ya tatu ilikuwa Februari, mvua inanyesha. Alikuja msimamizi wa mama, bila taarifa, na ufunguo wa nyumba alikuwa nao. Alibonyeza kengele huku anafungua. Kengele ilinikuta katikati ya nne. Nilimsikia mama jikoni akininong'oneza nitoke. Miguu yangu ilikuwa tayari, nakuapia, ilikuwa tayari. Lakini kidole kilisubiri pigo lake, kikashuka kwenye tatu, tena nikakitetemesha kidogo kwa pambo, kama nilivyofundishwa. Ni sekunde tatu, labda nne. Ndipo nikakimbia.

Kutoka kwenye mapipa niliyasikia yote, dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Msimamizi alisifu muziki, akauliza nani alikuwa anapiga. Mwalimu akasema ni yeye, kwani kuna mwingine? Kwa mikono miwili? msimamizi akauliza. Kwa mikono miwili, akasema, siku nyingine mkono huamka. Msimamizi alifurahi. Hakuwa mtu mbaya, alifurahi kwelikweli, akaandika kwenye jalada lake kwamba mzee sasa anatumia mikono yote. Alipoondoka tulicheka mpaka machozi. Tulidhani tumepona.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa ameendelea vizuri, ofisi ilikusudia kumwondolea zamu ya jioni abaki na ya asubuhi tu, na mama ahamishiwe kwa mgonjwa mwingine. Mama aliisoma amesimama, akasema kesho anakwenda kusema ukweli. Mwalimu akaniambia nikatazame wali. Niliutazama nikiwa nyuma ya mlango.

"Ukisema nani alipiga, umesema mtoto alikuwemo," alimwambia. "Mtoto alikuwemo, kazi huna. Kazi huna, mnapanda ndege. Mie n'na miaka themanini, binti yangu. Hebu pima mwenyewe."

Mama alisema hawezi kumwacha peke yake jioni, mkono mmoja, mguu mmoja. Mzee alisema ataweza. Wote wawili walijua hawezi, hata mimi nilijua.

Msimamizi alipiga simu Jumamosi, tukiwa Kilburn. Alitaka tu uthibitisho wa mtu anayemwona mzee kila siku. Mama alikaa kitandani, simu sikioni, ananitazama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimtikisia kichwa akubali. Nilikuwa na rafiki shuleni, nilikuwa nimechaguliwa kwenye timu, sikutaka kurudishwa.

"Yes," mama akasema. "He is doing very well."

Mwezi wa Aprili Mwalimu alianguka jikoni jioni, akijaribu kujipashia chakula. Kerea wa asubuhi ndiye aliyemkuta. Aliishi siku tisa hospitalini. Mama alikwenda mara moja, akarudi akasema mzee hawezi tena kuzungumza. Wapwa zake walikuja wakauza nyumba. Kinanda sijui kilikwenda wapi. Juzi nilipita pale. Bustani imesakafiwa kwa ajili ya magari mawili, na uani, penye mapipa, wamejenga chumba cha vioo. Hakuna alama hata moja kwamba mle ndani palikuwa na mtu aliyejua kumfanya mama yangu acheze.

Mwaka uliofuata watu wa uhamiaji wa Croydon walituandikia kwamba tunaweza kukaa. Mama alipiga magoti kwenye korido akamshukuru Mungu, akapika pilau. Sikuweza kuila.

Mama sasa anakaribia sabini. Magoti yamechoka, na jioni huja kerea wa kwake, msichana mpole anayejaza fomu yake kabla ya kuondoka. Humwuliza mama anaweza kusimama, anaweza kuoga mwenyewe, anaweza kujitengenezea chai. Mama anaweza. Asubuhi hunichemshia mpaka uji. Lakini msichana akiingia humkuta kitini, blanketi hadi kifuani, na kila swali analijibu kwa neno moja, hapana. Juzi msichana alisita, akasema anamwona mama ana nafuu, labda aandike hivyo. Mama alinishika gauni, akanivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Mwambie aandike siwezi," akasema. "Mwambie siwezi kitu."

Nikamgeukia msichana, nikamwambia ni kweli, mama hawezi kitu chochote.