Mkono Uliopelekwa kwa Bwana Shamba

Wako watu wanaoitwa Kiangazi kwa sababu walizaliwa wakati wa jua kali. Msusi wetu huyu alizaliwa mvua ikinyesha, hata mkunga akafika amelowa chapachapa. Jina la Kiangazi alipewa ukubwani na wifi yake, mwaka uleule alioolewa, baada ya kupanda mchicha nyuma ya nyumba. Mchicha uliota, ukachungulia dunia, ukaghairi. Akapanda bamia, nazo zikaghairi. Akapanda nyanya, zikatoa maua mawili ya kuaga, zikaenda zake.

"Wifi yangu ana mkono wa kiangazi," akasema dada wa mume, na jina likamganda kama ruba.

Ajabu ni kwamba vidole hivyohivyo vilikuwa na sifa ya kukuza nywele. Wanawake waliokatika nywele hadi wanaona haya kuvua kilemba walitoka mitaa ya mbali kuja kusukwa naye, na baada ya miezi kadhaa walirudi na vichwa vimejaa. Mtaa ukaona jibu liko wazi: mkono mmoja haubarikiwi mara mbili. Baraka zote zimeishia vichwani, ardhini haikubaki kitu. Na watu wakishapata jibu zuri kama hilo, nani atajisumbua kutafuta jingine?

Wifi mwenyewe alikaa upande wa pili wa ukuta, na bustani yake ilikuwa imenona mpaka inakera. Kiangazi akienda kumjulia hali, wifi hutoka mbio kufunika nyanya kwa shuka. "Nazikinga vumbi tu, wifi yangu," husema, na vumbi lenyewe halipo. Kiangazi naye alishazoea kuingia pale ameweka mikono nyuma. Ilifika mahali hata sokoni hagusi mboga. Anamwelekeza muuzaji kwa kidevu: "Lile pale. Hapana, la pembeni yake." Muuzaji akadhani ni maringo, akampandishia bei.

Mumewe alikuwa dobi, na kazi yake yote, kufua na kupiga pasi, aliifanyia palepale uani. Alikuwa mpole, mchapakazi, na alipenda usafi kupita kiasi. Alipiga pasi leso, soksi, hata kamba za viatu. Kuhusu mkono wa mkewe hakuwahi kusema neno baya. Aliposikia watu wakisema, alijifanya anatafuta kifungo.

Kiangazi angeweza kuzeeka na jina lake bila kelele. Lakini binti yao, mtoto wao wa pekee aliyeolewa mji mwingine, akapata mimba. Ikapangwa kwamba siku zikifika mama aende akamwogeshe mjukuu, kama ilivyo kwa bibi yeyote. Jioni moja wakawa wanaongea kwa simu, sauti imefunguliwa ili wote wasikie, na wifi akaegemea simu kama mwenye mali.

"Mwanangu," akamwambia binti, "mama yako mimi sina ugomvi naye. Lakini mkono unaonyausha mchicha, ndio umwogeshe kichanga? Acha nije mimi shangazi yako."

Kiangazi akangoja binti acheke. Alimjua mwanawe, alikuwa mcheshi, angecheka. Binti hakucheka. Alinyamaza, kisha akasema, "Mtandao unasumbua," akakata. Mtandao haukuwa unasumbua hata kidogo.

Usingizi ulimpita pembeni. Asubuhi akavaa nguo yake ya kutokea, akaenda ofisi ya kilimo.

Ofisi ilinuka mbolea na karatasi za zamani. Ukutani kulikuwa na picha ya ng'ombe aliyenenepa, na mezani, nyuma ya lundo la magunzi, alikaa bwana shamba kijana mwenye viatu vya mpira.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta mkono." Akauweka mezani, katikati ya magunzi.

Kijana akautazama. Akaugeuza upande wa pili, kwa adabu. Chuoni walimfundisha magonjwa ya mahindi, ya migomba na ya kuku. Hili hawakulifikia.

"Una shida gani?"

"Unaua mboga. Nataka mnipimie, mniandikie kama ni kweli. Nina mjukuu anakuja."

"Mama, hapa tunapima udongo."

"Mikono hampimi?"

"Hatupimi."

Kiangazi akafikiri. "Basi pimeni udongo. Mkiukuta mzima, mwenye kosa nimeshampata, nitamwacha shangazi aende akamwogeshe mtoto. Mkiukuta mgonjwa, mtakuwa mmeniokoa."

Bwana shamba alikuwa na kazi nyingi siku ile, lakini macho ya yule mama hayakumpa nafasi ya kusema njoo kesho. Akamweleza taratibu: apite bustani nzima kwa kwenda upogoupogo, mara kushoto mara kulia, achimbe hapa na pale, kina cha shibiri moja. Udongo wote auchanganye kwenye ndoo, auanike kivulini, kisha alete kiasi cha viganja viwili kwenye mfuko safi. "Na usiushike kwa mkono..."

"Hata serikali mnajua?" Kiangazi akashtuka.

"Namaanisha mkono wenye mbolea au majivu, mama. Utaharibu kipimo."

Kiangazi hakutaka kubahatisha. Mshtakiwa haruhusiwi kubeba ushahidi. Akampa mume kazi hiyo, akamfundisha kila hatua, naye akaenda kusuka kichwa cha bi harusi.

Dobi akashika jembe akaanza kwenda upogoupogo. Kichwa cha wifi kikachomoza juu ya ukuta. "Kaka, umeanza kulewa asubuhi?"

"Niko kazini," akajibu dobi.

Ndoo ilipojaa, akachungulia ndani, na moyo ukaingiwa na aibu. Huu ndio uende ofisini? Mbele ya watu waliosoma, umepeleka kitu kichafu namna hii? Watasema dobi gani huyu. Basi akaufua. Aliufua kwa maji matatu, akausuuza kwa dawa ya kunukisha nguo, akauchuja kwa kitambaa, akauanika kivulini kama alivyoambiwa. Jioni, kwa kuwa bado ulikuwa na unyevunyevu, akaulaza mezani, akaufunika shuka, akaupiga pasi.

Kiangazi aliporudi akakuta mfuko umefungwa, unanukia vizuri. Akamshukuru mumewe, maana si kila mwanamume hufanya alichotumwa.

Majibu yalipotoka, bwana shamba alipiga simu mwenyewe. Sauti yake haikuwa imetulia.

"Mama, samahani nikuulize. Huu udongo umetoka wapi?"

"Bustanini kwangu."

"Unanukia nguo za harusi. Na umeshikana, una mikunjo." Akakohoa. "Mama, huu udongo umefuliwa."

Kiangazi akamgeukia mumewe polepole.

"Kwani wewe ukienda kwa daktari huogi?" akauliza dobi, na kweli alikuwa ameumia.

Huko kwenye simu kulisikika mtu anacheka mbali na mdomo wa simu, halafu akarudi amejikaza. "Msichukue tena. Nitakuja kuchukua mwenyewe."

Siku aliyokuja ilikuwa siku ya kufua, kwa maana kila siku kwa dobi ni ya kufua. Uani kulikuwa na mashati yamepangana kambani na povu limejaa mabeseni. Bwana shamba akasalimia, akakunja suruali, akaingia bustanini na koleo lake dogo. Kiangazi akasimama pembeni amefumbata mikono kwapani, kama anayesubiri hukumu. Ukutani wifi alikuwa ameshapanda kigoda chake. Dobi hakuacha kazi, mwenye mashati alikuwa anayataka kabla ya adhuhuri.

Kijana akachimba pa kwanza, akanusa. Akachimba pa pili, akasugua udongo kati ya vidole, uso ukakunjamana. "Mzee, na hapa uliwahi kupafua?"

"Hapo bado," akajibu dobi kwa heshima.

"Mbona panateleza?"

Dobi hakusikia. Alikuwa amemaliza beseni. Akaliinua kama alivyoliinua maisha yake yote, bila kutazama anapolielekeza, akalimwaga. Maji ya sabuni yakaruka juu ya viatu vya bwana shamba, yakatambaa bustanini, yakajaza mashimo aliyotoka kuyachimba, povu likabaki juu linapasuka moja moja. Wanne wote walilitazama lile povu.

"Mzee," bwana shamba akasema hatimaye. "Maji haya huyamwaga hapa kila siku?"

"Sasa nimwage wapi, mwanangu? Bustani ndiyo inayokauka." Dobi akajifuta mikono, akamtazama mkewe kwa huruma. "Mke wangu ana bahati mbaya na mimea. Tangu tuoane namsaidia kumwagilia. Siku akiugua, namwagilia mara mbili."

Bwana shamba akafumba macho kidogo. Kisha akaeleza, na safari hii alimgeukia Kiangazi peke yake. Udongo ule umeshiba magadi na chumvi za sabuni, mizizi haiwezi kunywa humo. Atachukua sampuli kwa sababu ndiyo kazi yake, lakini kipimo wameshakiona kwa macho. Wachimbe mtaro maji yapite kwingine, wachanganye samadi, waache mvua za msimu mzima zisafishe ardhi, na kwa sasa wapande kwenye magunia yenye udongo wa kutoka nje. "Hapa, mama, hata ningepanda mimi na cheti changu, ningeambulia patupu. Mkono wako hauna neno."

Kiangazi akaketi juu ya beseni lililopinduliwa. Hasira ilimpanda, hasira ya kweli. Alitamani kumvika mumewe beseni lile kichwani. Miaka nenda rudi anafukia mbegu mchana kwa matumaini, na mtu anayelala naye kitanda kimoja anakuja nyuma yake kuziogesha kwa sabuni, tena kwa mapenzi! Ingekuwa ni adui angemtukana. Mtu anayekuua kwa wema utamwambia nini?

"Ningejua," akanong'ona dobi, "ningemwaga kwa dada."

Ukutani kigoda kililia. Wifi alikuwa anashuka kimyakimya.

"Wifi, usiteremke!" Kiangazi akaita. "Umesikia alivyosema? Chukua simu sasa hivi, umwambie mwanangu kama ulivyomwambia siku ile."

Kigoda kikalia tena. Kisha sauti ikatoka nyuma ya ukuta, "Simu yangu haina chaji."

Basi habari akazipeleka dobi mwenyewe. Alimpigia binti yake, akamweleza kila kitu, na udongo aliopiga pasi hakuuficha. Binti alicheka mpaka mumewe akaja kuangalia kama ameanza uchungu. Siku zake zilipotimia alijifungua salama mtoto wa kike, na aliyeitwa ni mama, si shangazi.

Kiangazi akafika na mfuko wake mdogo, akakumbatiwa, akaonyeshwa mtoto, akamsifu pua. Asubuhi yake binti akaweka maji kwenye karai, akatandika taulo kitandani, akamvua mtoto nguo, akamnyooshea mama yake.

Kiangazi hakumpokea. Mikono yake ilikuwa imeshaenda nyuma yenyewe.

"Mama?"

"Subiri kidogo." Alitazama dirishani, ambako binti alikuwa ameotesha mchicha kwenye kopo. "Acha nishike ule mchicha kwanza. Ukifika kesho mzima, nitamwogesha."

"Mama, bwana shamba si alishasema? Mkono wako hauna neno!"

"Alisema. Lakini yeye nimemjua juzi." Machozi yalimtoka, akaona aibu, maana alikuja pale kufurahi. "Huyu ni mtoto. Akipata lolote mikononi mwangu, hata mafua, mtasema nini?"

"Mama, mtoto si mchicha."

"Nyinyi ndio mliosema ni yaleyale."

"Mimi sikusema!" Binti alikuwa analia sasa, mtoto analia, wote watatu wanalia kwenye chumba kimoja kidogo. "Siku ile kwenye simu, mimi sikusema lolote!"

"Ndiyo," akasema mama yake. "Wewe hukusema lolote."

Binti akainamisha kichwa. Alielewa, na hakutaja mtandao. Alimlaza mtoto kitandani, akazunguka nyuma ya mama yake, akaishika ile mikono, akaivuta mbele mmoja mmoja. Kisha akamwinua mtoto, akamweka juu ya mikono hiyo, na mikono yake mwenyewe akaiondoa.

Mtoto alikuwa mzito kuliko Kiangazi alivyotarajia. Alimshusha majini taratibu.