Kusoma Migongoni mwa Watu

Ukitaka kupewa cheo katika shule ya msingi, usihudhurie kikao. Siku ya kikao chetu mimi nilikuwa zahanati na jino langu, nikarudi shavu limevimba, nikakuta walimu wenzangu wananipongeza. Nimekuwa mratibu wa kusoma. Nilimuuliza mwalimu mkuu kazi yenyewe ni nini, akasema ni kuratibu kusoma. Nikamuuliza kwa vitabu gani. Akasema vitabu vinakuja. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa imani sana.

Shule ilikuwa juu ya Mlali, pale gari linaposhindwa na watu wanaendelea kwa miguu. Darasa la tatu, darasa langu, lilikuwa na kitabu kimoja kwa dawati zima, na kila mtoto anavuta ukurasa upande wake. Waliokaa katikati walijifunza kusoma. Waliokaa pembeni walijifunza kuvuta.

Nikapelekwa semina mjini. Tulilala kwenye bweni moja upande wa Kilakala, tukala wali na maharage mpaka tukachokana navyo, na mkufunzi akatuambia kwamba mtoto hujifunza kusoma kwa kusoma, basi asome chochote. Wenzangu wakaandika. Mimi nilirudi mlimani nimebeba hilo neno "chochote", maana ndicho kifaa pekee nilichopewa.

Na kwa kweli, miaka ile chochote kilikuwa kimeanza kupatikana. Wa umri wangu mnakumbuka wakati wa foleni, duka lina rafu na mwenye duka, basi. Kisha biashara ikafunguliwa, ikawa ruksa, na hata kibanda cha pale njia panda kikajaa mpaka mwenyewe akawa anauzia nje. Sabuni za kila rangi, biskuti, betri, fulana za mitumba zenye maandishi ya nchi tusizozijua. Kila kitu kilikuja na herufi zake. Nikawaambia watoto wangu, kuanzia kesho kila mmoja asome kitu kimoja njiani akija shule, na akifika atuambie amesoma nini.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Huyu kasoma gunia la mbolea, yule kasoma fulana ya baba yake, tukakaa darasa zima kubahatisha maana yake tukashindwa. Lakini njia ya mlimani haina mabango. Ina akina mama wanaoteremka na ndizi na mboga kwenda gulioni, kila mama kajifunga kanga, na kila kanga ina maneno yake kule nyuma chini. Haikuchukua muda. Watoto wakawa wanasimama kando ya njia, wanaamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mama," wanasubiri waitikiwe marahaba, halafu wanasema, "Mama, tunaomba ugeuke tusome."

Sasa, kanga ina adabu zake. Anayeivaa anasema, anayeiona anasoma kimoyomoyo na kunyamaza. Mtu akivaa neno la kumchoma jirani yake, jirani hasemi kitu. Anakwenda dukani kutafuta la kumjibu. Watu wazima wanaweza kugombana hivyo mwaka mzima huku wanasalimiana na kuazimana chumvi. Wanafunzi wangu wao walisoma kwa sauti, kwa pamoja, kwa silabi, kama nilivyowafundisha. Mama mmoja akawa anapita migombani kwa kuwakwepa. Malalamiko yakafika ofisini. Mwalimu mkuu aliyasikiliza yote, akaniambia, "Wewe ndiye mratibu. Ratibu."

Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja ambaye mumewe alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, anarudi msimu ukiisha. Binti yao alikuwa darasani kwangu, wa pembeni mwa dawati. Alikuwa hajui kusoma hata neno. Zamu yake ya kutuambia alichosoma ikifika, anasema alikisoma lakini kimemtoka, na darasa linacheka. Nilimpenda mtoto yule, na alinitia uchungu, kwa sababu kila jioni nilimwona nyumbani akikwepa chochote chenye herufi kama vile kina miiba.

Humo ndani alikuwamo pia bibi yake, mama wa yule mume, aliyeletwa kutoka Dakawa, kule bondeni kwenye mpunga, baada ya kufiwa na mumewe. Shamba na nyumba vilikuwa vya ukoo wa mama mwenye nyumba, ndivyo ilivyo kwa Waluguru, kwa hiyo bibi alikuwa mgeni, tena mgeni wa heshima, mkwe. Alitolewa kiti. Akitaka kuosha chungu, "Mama, acha, pumzika." Akigusa mwiko, "Mama, kaa." Mwanamke aliyeinama kwenye majaruba ya mpunga maisha yake yote, sasa kazi yake ni kukalia kiti na kuangalia kuku. Alikuwa amenuna muda wote, isipokuwa na mjukuu. Walilala kitanda kimoja, walitaniana, alimwita mke mwenzangu, na mbele ya bibi tu ndipo yule mtoto alipocheka mpaka ukaona meno.

Nilipokuwa nimeshawakataza watoto kusimamisha akina mama njiani, yule mume akatuma doti ya kanga, ya kijani yenye korosho. Wakaikata, kipande cha mke, kipande cha mama mtu. Hakuna kati yao aliyejua kusoma. Mimi niliisoma siku ileile walipozivaa: MGENI SIKU MBILI, YA TATU MPE JEMBE. Nikajing'ata ulimi. Mkwe yuko hapo tangu masika, na mkamwana anamsongea ugali kavaa maneno hayo. Niliwasimulia wenzangu ofisini, tukacheka mpaka chai ikapoa. Kuwaambia wenyewe, hapana. Ningeanzia wapi?

Basi jioni moja mama mwenye nyumba alikuwa ameinama anapuliza moto uani. Bibi yuko kwenye kiti chake nyuma yake, mjukuu yuko miguuni pa bibi. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nachambua mchele. Nikasikia, "M-ge-ni." Nikainua kichwa. "Si-ku." Mungu wangu, mtoto anasoma. Mchele ukamwagika. "M-bi-li." Bibi akawa anaitikia, ehee, ehee, endelea mke mwenzangu, na mimi nilikuwa nimeshasimama kwa furaha ndipo nikatambua anasoma nini. Nilitaka kukohoa. Nilitaka kuanguka, lolote. Mtoto akaenda nalo mpaka mwisho, akaliunganisha, akalirudia lote kwa mkupuo, sauti imejaa: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Mama mwenye nyumba alibaki ameinama vilevile, maana akisimama kanga inaonekana vizuri zaidi. Bibi akainuka, akaingia ndani. Mtoto alikuwa bado anatabasamu, anatuangalia mmoja mmoja, anangoja asifiwe. Halafu tabasamu likaisha.

Asubuhi mama mwenye nyumba aligonga kwangu hajanawa uso. Bibi kafunga furushi, anasubiri lori la mboga limshushe Mlali ashike njia ya kwao. "Mwalimu, nakuomba," akasema. "Nenda umwambie mtoto kakosea. Wewe ndiye unayejua kusoma humu ndani, atakuamini. Mwambie imeandikwa mgeni njoo mwenyeji apone. Utapungukiwa nini?"

Nilimwelewa. Aibu ya kumfukuza mkwe si ndogo, na yeye hakumfukuza mtu. Lakini mtoto alikuwa amekaa kando ya pipa la maji, uji umeganda kwenye kikombe, mdomo kaufunga. Nikisema kakosea, anarudi pembeni mwa dawati na simpati tena, kwa sababu nani atasoma tena akiambiwa alichosoma sawa hakikuwa sawa? Nikisema kasoma sawa, bibi anaondoka, na mtoto atajua ni kusoma ndiko kulikomwondoa. Kila njia niliyoitazama ilimmaliza yeye. Mratibu mzima, sina la kuratibu.

Nikamfuata uani; bibi alikuwa kasimama, hakukikalia kile kiti. Furushi lilikuwa miguuni pake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Mimi sina ugomvi na mtu. Nataka kujua tu. Huyu mtoto jana kasoma sawa, au kakosea?"

Mama mwenye nyumba akanitazama. Nikafungua mdomo. "Bibi," nikasema, "unajua mtoto anayeanza kusoma..."

Sijui ningemalizia vipi. Mtoto aliinuka pale penye pipa, akaja mpaka kwenye furushi, akachuchumaa. Sisi wote tulikuwa tumesahau kwamba doti ni moja. Bibi kwa hasira alikuwa amefungia nguo zake kwa kipande chake mwenyewe, na maneno yamekaa juu. Mtoto akaweka kidole. Hakusoma kwa furaha kama jana. Alisoma polepole, machozi yanamtoka, akipitisha kidole chini ya kila silabi mpaka kitambaa kilipoingia kwenye fundo, akalilegeza fundo, akamalizia.

"Ni yaleyale, bibi," akasema. "Hata ya kwako."

"Hata yangu?"

"Hata yako."

"Hii niliyovaa juzi msibani, nikapita katikati ya watu?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Bibi akalitazama furushi. "Kumbe najifukuza mwenyewe," akasema.

Mama mwenye nyumba akaziba mdomo kwa mkono, lakini kicheko kilimtoka puani. Nilidhani sasa ndiyo tumekwisha. Bibi akamgeukia, akamwangalia, kisha naye akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. "Aliyenunua ni mwanangu," akasema. "Kasoma mpaka la saba yule. Nilimchapa mimi kwa mkono huu asitoroke shule. Atakuja msimu ukiisha, tutamsomea wote wawili." Wakacheka sasa mpaka wakashikana.

Kisha akalikalia furushi, akajifuta macho. "Lakini ya tatu imepita siku nyingi," akamwambia mkamwana. "Jembe langu liko wapi?"

"Mama, wewe ni mkwe wangu. Utalimaje?"

"Nitainama. Nyinyi mnanikalisha kama mgonjwa, mwisho nitaugua kweli. Nipe jembe."

Akapewa jembe, na kipande cha maharage karibu na kijito. Kwa msimu mzima alilalamika kwamba watu wa milimani wanalima ukutani, na hakununa tena.

Lakini asubuhi ile alikuwa hajamaliza. Lori lilipiga honi kule chini, hakuna aliyelijali, naye akanigeukia mimi.

"Mwalimu. Wewe unakaa humu siku zote. Unasoma mpaka gazeti."

"Ndiyo, bibi."

"Na hii kanga uliiona."

"Niliiona."

"Na wale wenzio wanaopita hapa wananiamkia huku wanacheka?"

Nilitamani mwalimu mkuu atokee, aniite kikaoni. "Na wao waliiona, bibi."

"Mlimani kote huku mmejaa wenye kujua kusoma," akasema, "na aliyeniambia ni huyu peke yake." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anavyomweleza mgeni njia. Akavuta mkeka kwa mguu, akautandaza. "Basi wewe bado hujajua kusoma. Kaa hapo, mke mwenzangu akufundishe."

Nilidhani ni utani, nikacheka. Hakucheka. Mama mwenye nyumba naye alikuwa ananingoja. Nikakaa chini, na nguo zangu za kazini na cheo changu. Mtoto alifuta pua kwa kiganja, akaingia ndani, akatoka na pakiti ya majani ya chai. Aliishika mbele ya uso wangu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaniambia nisome, tena kwa sauti.