Bosi Alitaka Macho, Mimi Nikaleta Magoti

Siku yangu ya kwanza kazini sikuinua macho mpaka saa nne. Nilikuwa nimemaliza Fomu Foo, na studio moja ya picha hapa Eldoret ilikuwa inatafuta mtu wa kuandika majina ya wateja bila makosa. Mwenye studio tulimwita Bosi tu. Alikuwa mtu mzima aliyehamia kutoka upande wa Nyeri, mwembamba, vidole vyake vimekuwa rangi ya chai kwa sababu ya dawa za kusafishia filamu. Aliniuliza jina mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Jelimo, mimi siko kwa sakafu. Niko hapa juu."

Wakati huo nilikuwa naandika mambo yangu katika daftari la shule, na daftari hilo bado ninalo. Siku hiyo niliandika: "Nimepata kazi."

Vijana mnaosoma hapa, kamera zetu hazikujua kitu. Ile ya michezo ilikuwa na lenzi ndefu kama thamosi, na shingoni mwa lenzi kulikuwa na pete. Uliizungusha mpaka kitu unachotaka kionekane wazi; hiyo ndiyo fokasi. Lakini mkimbiaji hangoji mtu azungushe pete. Kwa hivyo ulichagua jiwe dogo kwenye njia, ukaweka fokasi pale, ukaacha pete hivyo hivyo, ukangoja mtu afike. Mawingu ya mchana yakishuka, ilibidi ufungue tundu la lenzi lote ili mwanga uingie, na hapo sehemu iliyotoka wazi ilikuwa nyembamba, upana wa kiganja hivi. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu.

Kwa miaka mingi Bosi alikuwa akipiga picha za riadha mwenyewe, lakini macho yake yakaanza kuchoka. Akanipa kamera niende uwanjani siku za mashindano. Jumamosi ya kwanza nilirudi nimepiga filamu nzima. Jumamosi ya pili pia. Jumatatu yake akaniita mezani, ameshika kioo cha kukuzia.

"Hii ni nini?"

"Ni yule aliyeshinda, Bosi."

"Hii ni magoti. Nimekutuma mtu, unaniletea magoti! Nani ataweka magoti kwa ukuta wa sebule?"

Akapunguza sauti. "Goti linatangulia, macho yanafuata nyuma. Mguu ukifika kwa jiwe, usibonyeze. Ngoja macho yafike. Sasa wewe utajuaje yamefika, na huyaangalii?"

Alikuwa amenishika pabaya. Kwetu mtoto akisalimia mkubwa huinamisha kichwa aguswe utosini, na msichana hamkazii mwanamume mzima macho. Nilikuwa nikiangalia miguu ya wakimbiaji, na kamera ilikuwa inaleta nilichoangalia.

"Imebaki Jumamosi moja," Bosi akasema. "Ikiwa magoti tena, rudi kwenu Sugoi ukakamue ng'ombe."

Baba aliposikia alifurahi. Yeye na wenzake walikuwa wamejiunga wakanunua shamba la mzungu, na mikono ilikuwa haitoshi. "Kuangalia wanaume wakikimbia na kaptula, hiyo nayo ni kazi? Rudi nyumbani. Tena kuna wazee wamekuja kuuliza habari yako." Nilijua wazee wakija kuuliza, swali huwa ni moja. Usiku niliandika: "Nikienda nyumbani sitarudi tena."

Jumamosi ya tatu zilikuwa mita elfu tano, mizunguko kumi na miwili na nusu. Aliyetangulia tangu mwanzo alikuwa Mwalimu, aliyenifundisha hesabu shule ya msingi. Kati ya watu wote! Mara ya kwanza alipopita, macho yangu yalikuwa kwa viatu vyake hata kabla sijafikiri. Mzunguko wa tatu akaniona.

"Jelimo! Siku hizi ni wewe unatusahihisha?"

Watu wakacheka. Nikainamisha kichwa, akapita bila picha. Kufika mzunguko wa kumi filamu ilikuwa imebaki kidogo sana na hakuna hata picha moja niliyoiamini. Nikahakikisha tena kwamba pete bado iko kwa lile jiwe.

Kengele ya mwisho ikapigwa. Mtu wa pili alikuwa amemkaribia Mwalimu mgongoni. Safari hii Mwalimu hakunitania. Mdomo ulikuwa wazi, mishipa ya shingo imesimama, na nikaona mtu aliye taabuni, siyo mwalimu. Nikamwangalia. Mguu ukavuka jiwe, nikangoja. Macho yakafika juu ya jiwe. Nikabonyeza.

Lakini kubonyeza si kujua. Jumapili studio ilikuwa imefungwa. Daftari linasema: "Sijala. Nimeomba kanisani, lakini nimeona haya kumtajia Mungu magoti."

Jumatatu Bosi aliingia chumba cha giza mwenyewe, akafunga mlango. Nilipanga bahasha zilizokuwa zimeshapangwa. Akatoka ameshika picha inayodondosha maji.

"Magoti yako wapi?"

"Sijui, Bosi."

"Yamepotea kwa ukungu. Ndivyo inatakiwa." Akailaza mbele yangu. "Mwambie baba yako atafute mtu mwingine wa kukamua."

Baadaye nilifanya kazi gazetini Nakuru, kisha Nairobi, chini ya Mhariri wa Picha ambaye hata ukimletea picha nzuri namna gani alisema neno moja tu, "Nyingine." Mpaka nilipostaafu, kila filamu niliingoja kama ile Jumatatu. Mjukuu wangu ana kamera inayotafuta macho yenyewe na kulia ikiyapata. Ni nzuri, ila hukamata ya mtu aliye karibu zaidi, na si lazima awe yule uliyemfuata.

Mwaka juzi Mwalimu alifariki. Watoto wake walikuwa wakitafuta fundi wa kumchora, wakaanza kubishana kama mkato mdogo aliokuwa nao kwenye nyusi ulikuwa kulia au kushoto. Nikawaambia ni kushoto. Walishangaa nilivyokuwa na hakika. Nilikaa dawati la mbele darasani kwake miaka mitatu, na mkato huo nilikuja kuuona kwa mara ya kwanza kwenye ile picha iliyolowa, juu ya meza ya Bosi.