Simu Iliyobaki Chini ya Mto

"Anayenitafuta Jumapili atanikuta nimelala kwa mama," Ngai Cheuk-wing alitamba mbele ya ukoo mzima mezani, shavu limejaa andazi lililojazwa kamba wa baharini. Ukoo ukacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anachungulia nani anaandika ujumbe chini ya meza.

Alifundisha hesabu shule ya msingi, hapa Hong Kong, mwaka ule wa maandamano. Mwalimu mkuu alishasema: atakayeonekana barabarani, mkataba wake hausainiwi. Tangu siku hiyo Cheuk-wing alimshuku kinyozi, akamshuku jirani mwenye mbwa, mwisho akamshuku na mbwa.

Jumapili akaiacha simu imewashwa chini ya mto, imtolee ushahidi kwamba yuko nyumbani. Kadi ya treni, isiyosahau kituo hata kimoja, akaifungia kabatini. Tiketi akanunua kwa sarafu, kwenye foleni ya vijana wenye barakoa waliojifanya hawajuani.

Alipotoka kituoni na kujichanganya na umati, akasikia mlio wa simu yake. Nyuma yake. Hakugeuka. Mlio ukakatika, na baadaye kidogo mkono ukamshika bega.

"Umesahau simu," mama yake alisema kupitia barakoa. "Nimekujua kwa miguu. Unatembea kama marehemu baba yako."

"Mama, niliiacha makusudi."

"Ningejuaje? Huniambii kitu, kama vile mimi ndiye polisi. Na mwalimu mkuu wako alipiga sasa hivi, nikikufuata. Nimemwambia umelala."

"Na kelele hizi?"

"Nimemwambia ni filamu."

Cheuk-wing akaizima simu, japo ilikuwa imeshasema yote. "Umekujaje huku?"

"Kwa kadi yangu ya wazee. Ulitaka nije kwa ungo?"

Kadi yenyewe ina jina la mama na picha yake.

Jumatatu mwalimu mkuu aliuliza swali moja tu, huku akichonga penseli. "Ile filamu inaitwaje, Mwalimu Ngai?"

Cheuk-wing akataja jina la kwanza lililomjia. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa taratibu, akapuliza unga wa penseli. Mkataba haukusainiwa.

Jumapili iliyofuata simu mbili zilibaki nyumbani, na mama na mwana walisimama mbele ya mashine ya tiketi. Mama alikuwa amenuna.

"Kwa kadi ni dola mbili."

"Kadi ina picha yako, mama."

"Na nimependeza."

Lakini akafungua pochi, akaanza kutumbukiza sarafu, akigeuka kila mara kumtazama mzee aliyekuwa akisoma gazeti bila kufunua kurasa.

Tiketi ya wazee kwa sarafu, safari moja, ni dola saba.