Watu wa Bibi Aliyetoka Ayalandi

Mama yangu ana swali moja amekuwa nalo tangu utotoni: bibi yake, mzaa mama yake, kwao walimfukuza au aliwakimbia? Bibi huyo alikuwa muuguzi kutoka Ayalandi. Alikwenda Unguja kufanya kazi hospitali, akasilimu, akaolewa na Mwarabu mwenye shamba la karafuu, akavaa buibui, asirudi tena kwao. Habari za wazazi wake hakuzifungulia mdomo mpaka anaingia kaburini.

Pengine kwa watu wengine hilo ni jambo dogo. Kwetu huku Maskati, Omani, tulikohamia kutoka Unguja, mtu hajamaliza kukusalimia keshakuuliza wewe wa nani, kabila gani, babu yako katoka bilad gani, mji wake wa asili ni upi. Upande wa baba yake, mama atakuhesabia mababu saba bila kuvuta pumzi. Upande wa bibi yake, kimya. Alipokuwa msichana, posa yake ya kwanza ilirudishwa kwa ajili hiyo. "Walisema bibi yangu kaokotwa," huniambia mpaka leo, na miaka yake themanini na ushei.

Nilipostaafu nikamwambia, n'takutafutia. Tulikuwa na karatasi moja tu ya bibi, cheti chake cha uuguzi, kilichovuka kutoka Unguja ndani ya kopo la biskuti. Kina majina matatu. Tukakaa mimi na mama sebuleni kwake mtaa wa Ruwi, tukavaa miwani zetu, tukayasoma kama yanavyosomwa majina yote ya hapa: la kwanza lake, la pili la baba yake, la tatu la babu yake. Nani angetwambia vingine? Hata pasi yangu iko hivyo. Nikaanza kuziandikia parokia za Ayalandi, moja baada ya moja, kumuulizia bwana mwenye jina lile la pili, aliyekuwa na binti aliyekwenda Afrika.

Mwaka mzima! Wengine hawakujibu, wengine walinijibu kwa adabu kwamba hawana mtu kama huyo. Mimi nna hasira za karibu, nikawa nawatukana kimoyomoyo, nasema hawa watu hata daftari hawajui kusoma.

Akatokea karani mmoja mwanamke, na nina hakika alikuwa akicheka huku anaandika. Bibie, akasema, huyo baba unayemtafuta ana jina la kike. Kwao jina la pili ni la mtu mwenyewe. Huenda bibi yenu alipewa kumkumbuka bibi yake mwenyewe. La tatu ni la ukoo mzima, na ukoo huo umejaa kwenye pwani moja ya magharibi. Huko yuko mama mmoja wa miaka tisini, atakuwa anajua.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwaka mzima unamtafuta mwanamke, unamwita baba wa mtu! Na wewe ulosoma!"

"Si tulikisoma pamoja hicho cheti?" nikamjibu.

Mama akakitazama tena. "Kumbe na wao wana kabila," akasema.

Tulimpigia yule mama wa miaka tisini simu ya video Ijumaa baada ya chakula. Mama alikuwa amejifukiza udi, eti asije akaonekana hakujitayarisha. Mimi ndiye mkalimani. Nikamwambia yule kikongwe tunamtafuta nani, nikataja jina. Hakuuliza cheti wala nini. Alifumba macho akaanza kusema, si kwa Kiingereza, kwa lugha yao ya asili, taratibu, kama mtu anayevuta uradi. Alipomaliza akanieleza: kijijini kwao karibu wote wana jina moja la ukoo, kwa hiyo mtu huitwa kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Fulani wa fulani wa fulani. Alikuwa anamtaja bibi yetu hivyo, akapanda naye juu, baba kwa baba, vizazi saba.

Subhanallah! Nchi ya mvua na nyasi, watu hata hawajui Maskati iko wapi, na wanahesabiana kama wazee wetu wa Nizwa, huko bara Omani. Kabla sijafasiri hata neno moja, mama alikuwa ameshanishika mkono. "Hiyo nasaba hiyo," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Muulize sasa."

Nikamuuliza kama walimfukuza.

"Nani amfukuze?" Kikongwe alikasirika hasa. Babu yake yeye na bibi yetu walikuwa ndugu, tumbo moja. Barua zilikuwa zikija, kisha vita vikazikata. Na kila mwaka, katika mwezi wao wa kuwakumbuka maiti, alitajwa kwa jina, na anatajwa mpaka leo.

"Basi alinyamaza kwa uchungu," mama akasema. "Masikini bibi yangu."

Lakini pale kwa bibi ndipo hesabu yao ilipokuwa ikisimama, kikongwe akasema. Hawakujua kama alizaa. Kama tunao watu wa kuwatia, angependa kuwasikia.

Mama akakaa wima, akajifuta uso kwa mtandio, akaanza kushuka: binti wa bibi, kisha yeye mwenyewe, kisha ndugu zake. Kikongwe alirudia kila jina, akikosea mama anamsahihisha, mpaka alitamke sawasawa. Ilipofika zamu ya wanawe, mama akasita.

"Muulize, na walokufa wachanga huwataja?"

Nikauliza. "Wote," akasema kikongwe. "Wamezaliwa, si wamezaliwa?"

Mama akamtaja mtoto wa kiume, aliyeishi siku tatu. Halafu ndiyo akanitaja mimi, niliyejijua umri wangu wote kuwa ndiye kifungua mimba wake.