Vidonge vya Bati na Molasi

Enzi zetu pale Ifakara, fundi bati alikuwa mtu wa maana. Koroboi, ndoo, karai, chochote kilichotoboka kililetwa kwa baba yangu ili akilehemu. Mwaka mmoja masika yalikata barabara, lehemu ikaisha mjini. Vyombo vya watu vikajaa uani, wengine wakaanza kuvichukua vilevile vibovu. Baba akatangaza kwamba mwezi ukiisha bila lehemu, atakwenda kwa miguu kukata miwa Kidatu. Sisi mabinti zake watatu tuliogopa. Baba wa jirani alikwenda kukata miwa, akaoa hukohuko.

Baba alikuwa mtu wa Karagwe, na babu alimwachia ndoo ya mchanga wa bati kutoka machimbo ya kule. Ulikuwa mweusi, mzito, laini kama wanja. Kwa kuwa lehemu hutokana na bati, akaamua kuuyeyusha mwenyewe. Alijenga tanuri dogo la udongo, akajaza mkaa, akamimina nusu ya mchanga. Mimi na dada Rosi tukavuta mivukuto ya kupulizia moto kwa nguvu zote. Vumbi jeusi likapaa na moshi, likatua kwenye mpunga wa mama uliokuwa umeanikwa. Bati hatukupata hata punje. Siku hizo hapakuwa na video za kwenye simu za kumfundisha mtu kila kitu. Tulikaa tukimtazama baba akikunja nguo za safari.

Mama, Mndamba wa hapohapo Ifakara asiyejua lolote la madini, alikuwa anapepeta mpunga wake amenuna.

"Baba Rosi, unga mkavu ukiupuliza si utaruka? Hata mimi chapati nakanda kwanza."

Akachukua molasi, ile shira nyeusi ya miwa, aliyoletewa kabla ya masika na mjomba aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, akaukanda mchanga uliobaki pamoja na unga wa mkaa. Tukafinyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu, tukavianika kwenye ungo siku mbili huku tukifukuza sisimizi. Mdogo wetu Tabu alilamba kimoja, akashinda na meno meusi.

Siku ya kuyeyusha, harufu ya molasi ikaenea mtaa mzima, na kila mtu alijua molasi hupikiwa nini. Balozi wa nyumba kumi akaingia uani na ndoo ya maji, tayari kuzima.

"Fundi! Gongo asubuhi yote hii?"

"Shikamoo balozi," mama akasema, amesimama mbele ya tanuri.

"Marahaba," akajibu kwa mazoea.

"Weka ndoo chini. Ukionja humu ukalewa, umwage."

Baba hakugeuka hata kusalimia. Alitoboa tanuri upande wa chini kwa nondo, na bati likatoka, jeupe, likatiririka kwenye mfereji wa mchanga. Balozi akalitazama mpaka likaganda. Kisha akamwaga maji yake kwenye mchicha wetu, akampa baba ndoo.

"Basi nizibie na hii. Inavuja tangu masika yaanze."

Kipande kile kilikuwa kama nusu mche wa sabuni. Kilitosha mpaka barabara ikafunguka, na baba hakwenda Kidatu.

Vijana wa leo ndoo ikitoboka wanatupa. Siwacheki sana, maana mimi mwenyewe nimeshahama miji mingi. Kazi ikikwama, nafungasha. Enzi zile mtu akikunja nguo zake, kulikuwa na wa kumzuia. Siku hizi ukisema unaondoka, wanakuuliza tu basi ni la saa ngapi.